Mvumo Ukutani

Celine Amolo alikuwa amesoma ukurasa ule mmoja mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja Seth alikuwa ameukataa.

"Madam, wewe huna shida," Seth alimwambia kwenye simu. "Sauti ni tamu, haina haraka, kila neno linasikika. Shida ni kile kitu kilicho chini yake. Kuna mvumo."

"Mvumo gani tena? Friji nimezima."

"Sijui, Madam. Upo tu. Mmmmm. Kama mtu anayewaza jambo."

Seth alikuwa fundi wa sauti katika shirika dogo la mjini lililotengeneza vitabu vya kusikiliza kwa wanafunzi wasioona. Alikuwa amemkuta Celine kanisani Makadara, siku aliyoitwa kutengeneza spika, Celine akisoma somo la kwanza. Ibada ilipokwisha alimsubiri mlangoni. Celine alikuwa amefundisha Kiswahili miaka kumi na sita hadi shule yake ilipofungwa, na tangu hapo alikuwa amekaa miezi minane nyumbani Makongeni, akipika, akifua, akimtunza baba yake. Seth alipomuuliza kama angependa kusoma kitabu kizima cha sarufi na ufahamu, kurasa mia mbili na kumi na mbili, kiwafikie watahiniwa kabla ya mtihani wa majaribio, alikubali kabla ya kuuliza lolote. Studio ya shirika ilikuwa na foleni ya wasomaji hadi mwezi uliofuata. Angesomea nyumbani. Alipewa maikrofoni, hedifoni kubwa za kufunika masikio, na wiki tatu.

Wiki moja ilikuwa imeshakwisha.

Makongeni haikujengwa kwa ajili ya kunyamaza. Chumba cha mbele kilitazama njia, na njiani alipita muuza vyombo mwenye spika ya mgongoni iliyorudia maneno yaleyale tangu saa mbili asubuhi, akapita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, akapita fundi wa masufuria akigonga lake. Nyuma yao wote zilikuwa honi za Jogoo Road. Kwa hiyo Celine alihamia chumba cha kulala, upande wa nyuma, na Seth akamfundisha vita vyenyewe kwa simu, hatua kwa hatua.

"Sauti inapenda vitu vigumu, Madam. Inagonga ukuta, inarudi, inagonga tena. Wewe ipe vitu laini izame."

Celine akasimamisha godoro ukutani. Akatundika mablanketi mawili dirishani na sweta zote za baba yake mlangoni. Maikrofoni akaiweka kiganja kimoja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili herufi "p" zisilipuke. Friji alikuwa akiizima na kuufungia ufunguo wa nyumba ndani yake, kando ya samaki, ili asiweze kutoka bila kukumbuka kuiwasha tena.

Kisha kulikuwa na Baba. Mzee Gordon alikuwa na miaka sabini na minne, na thelathini na sita ya hiyo aliimaliza katika karakana ya reli, katikati ya injini. Masikio yake yalikuwa yamebaki hukohuko. Televisheni aliifungua kwa sauti ambayo jirani wa nyumba ya tatu angeweza kuandika muhtasari wa habari. Celine alimwandikia kwenye karatasi: *Baba, naomba muda wa saa mbili kila asubuhi bila sauti.* Mzee alisoma, akacheka.

"Kwani nilikuwa nasikia? Zima tu. Hao watu nawasoma midomo."

Siku ya kwanza Celine alipovaa zile hedifoni na kuisikiliza sauti yake mwenyewe, alikaa kitandani asiweze kuinuka. Alisikia mate yakimezwa. Alisikia ukurasa ukifunguka, mkwaruzo mrefu wenye mwanzo na mwisho wake. Alipoongeza sauti ili atafute makosa, alisikia mtaa mzima umejipanga nyuma ya maneno yake, kila mmoja mahali pake: kuku, ndoo, mtoto anayehesabu kuruka kamba, na mbali kabisa treni. Miaka arobaini na moja alikuwa ameishi ndani ya hayo yote na hakuwahi kuyasikia moja moja. Sasa alikuwa ameyaziba moja moja pia. Kilichobaki kilikuwa ule mvumo tu.

"Basi usafishe kwa kompyuta," alimwambia Seth. "Si kuna njia?"

"Ipo. Nachukua kipande cha ukimya wa chumba chako, pale ambapo hujaanza kusoma. Naionyesha mashine: hii ndiyo takataka, itoe kila mahali. Nimeshajaribu. Sikiliza."

Akamtumia. Celine alisikia mtu fulani akisoma ukurasa wake kutoka ndani ya mtungi, maneno yakiwa yamenyolewa mpaka ngozi.

"Huyo ni mimi?"

"Ndiyo hivyo. Ule mvumo umekaa palepale sauti yako inapokaa, Madam. Noti ileile karibu. Nikiutoa, nakutoa na wewe. Mimi nimesafisha rekodi nyingi, za mafeni, za jenereta, za barabara. Hii sijawahi kuona."

Celine alifikiri na kuona ni jambo moja tu lililobaki. Upande wa pili wa ukuta aliishi Teresiah, Mama Shiru, fundi wa nguo. Miezi kadhaa sasa salamu zao zilikuwa zimepoa, Celine asijue kwa nini. Alienda, akabisha hodi, akaeleza kwa upole kwamba ana kazi ya kurekodi, na je, cherehani ingeweza kupumzika asubuhi kidogo.

Teresiah alitoka hadi kizingitini.

"Celine, cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu. Na meza yake iko pale mlangoni, penye mwanga. Sasa mimi nikuulize wewe. Ni nini mmeweka kwenye ukuta wangu?"

"Sisi?"

"Kila mchana ukuta unalia. Nikiegemea, meno yanasikia. Nilisema mzee wenu ameleta mashine ya kusaga. Nikanyamaza kwa sababu ni mzee."

Walisimama pale mlangoni wakitazamana, kila mmoja na lawama yake mkononi na hakuna pa kuitua.

Alhamisi, saa nne asubuhi, stima ilipotea. Haikupotea nyumba moja. Ilipotea Makongeni yote, na muziki wa kinyozi, na mashine ya kuchomelea vyuma kule pembeni, vyote vikakatika kwa mpigo. Celine alikimbilia chumbani. Kompyuta ilikuwa na chaji. Alisoma ukurasa ule mara ya kumi na mbili, katika utulivu ambao hakuwa ameusikia tangu aanze, na akautuma kwa data ya simu.

Seth alipiga baada ya dakika ishirini. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Madam, stima imepotea huko?"

"Mtaa mzima."

"Basi si friji. Si waya. Si kitu chochote cha stima, kwa sababu bado upo. Na kuna jambo jingine. Nimezipanga rekodi zako zote kwa saa ulizorekodi. Huu mvumo asubuhi mapema uko chini. Saa nne unapanda. Saa saba, jua likiwa kali, ndiyo uko juu kabisa. Jioni unashuka. Ile siku ya mvua karibu haupo. Mashine haijui kama jua limetoka."

Celine alikata simu. Aliugeukia ukuta, akaona godoro tu, lile godoro la kila siku lenye maua ya buluu.

Alienda kumwita baba yake. Hakuwa na hakika kwa nini. Mtu wa mwisho wa kumuuliza kuhusu sauti ni mtu asiyesikia. Alimwandikia yote kwenye karatasi. Mzee alisoma polepole, akavua kofia, akaingia chumbani na kulivuta godoro pembeni. Akaweka viganja vyote viwili ukutani. Akavisogeza chini, akavisogeza kulia, akavirudisha. Kisha akaegemeza paji la uso.

"Masikio yalipokufa," alisema bila kugeuka, "walitaka kunipeleka ofisini. Nikawaambia hapana. Nikawa naziwekea injini mkono. Hata vijana wenye masikio walikuwa wananiita. Mzee Amolo, njoo uishike hii."

Alikaa hivyo muda mrefu. Celine aliona mgongo wa baba yake ukitulia, kama mtu anayepimwa na daktari.

"Hii si mashine, nyathina," alisema hatimaye. Alimwita hivyo, mwanangu, mara chache sana. "Mashine hurudia. Hiki hakirudii. Kinapanda, kinashuka, kinajigeuza. Kiko kingi, lakini kiko kimoja." Akaondoa paji lake ukutani na kumtazama binti yake, macho yamefunguka kama ya mtoto. "Kinapumua."

Kisha akakumbuka. Enzi za kuni, kabla hajapewa hiyo nyumba, palikuwa na jiko hapo, na dohani ya kutolea moshi iliyopanda katikati ya ukuta, ikitumiwa na nyumba zote mbili. Reli waliiziba chini kwa matofali na kuipiga lipu. Nani angekumbuka?

Walizunguka nyuma ya nyumba, Celine, mzee, na Teresiah aliyetoka na utepe wa kupimia ungali shingoni. Juu ya paa kilikuwa kisiki cha dohani kilichofunikwa kipande cha bati, na chini ya bati palikuwa na ufa usiozidi upana wa vidole viwili. Celine aliweka mkono juu ya macho kuzuia jua. Kwanza aliona kama vumbi linalong'aa. Halafu vumbi likawa na mwelekeo.

Walikuwa nyuki. Waliingia na kutoka katika ule ufa bila kukoma, mamia kwa mamia, wengine wakitua wazito, wengine wakijirusha hewani na kupotea kuelekea reli, hakuna aliyemgonga mwenzake. Chini yao zilikuwa kamba za nguo, na nguo juu yake, na watu walikuwa wameanika na kuanua hapo miaka yote hiyo bila mmoja kuinua kichwa.

"Mungu wangu," alisema Teresiah. "Tumekuwa tukilala nao."

Teresiah ndiye aliyejua pa kwenda. Asali alikuwa akinunua kwa mama mmoja wa Mowlem, Kavinya, aliyezaliwa Mwingi katika nyumba ya wafugaji wa nyuki na ambaye bado alikuwa na mizinga yake huko. Kavinya alikuja kesho yake mchana, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, na mfuko wa gunia begani. Aliutazama ufa kutoka chini, akaingia chumbani, akaukagua ukuta bila kusema neno.

"Nimewarekodi," Celine alisema. "Sikujua ni wao. Ungependa kusikia?"

Alimvisha hedifoni, akatafuta ile rekodi ya Alhamisi, akaipandisha sauti sehemu ya mwanzo kabla hajaanza kusoma. Kavinya alisikiliza akiwa amesimama, mikono kiunoni, na tabasamu la adabu. Ghafla tabasamu likaondoka. Aliinua kidole.

"Rudisha."

Celine akarudisha.

"Rudisha tena." Kavinya alikaa kitandani. "Huyu anayeita, umemsikia?"

"Nani?"

Kavinya alimpa upande mmoja wa hedifoni, wakakaa mashavu karibu yagusane. Ndani ya mvumo, mbali, kulikuwa na sauti nyembamba ambayo Celine alikuwa ameisikia katika rekodi ile na kuidhani simu ya mtu: *tiii*, ndefu, halafu *ti-ti-ti-ti*, fupi fupi, kama tarumbeta ya mtu mdogo sana.

"Huyo ni malkia mchanga," Kavinya alinong'ona, kana kwamba angesikika. "Ametoka kwenye chumba chake leo ama jana. Anatangaza. Anasema, mimi nipo. Na wenzake walio bado ndani ya nta wanamjibu. Subiri... huyo!" Na kweli, chini zaidi, kitu kilijibu, kizito, cha kukatikakatika. "Dada yangu, nimefuga nyuki miaka thelathini. Hiyo sauti nimeisikia mara mbili, usiku, nimelaza sikio kwenye mzinga, na sikuwa na hakika. Sasa ni kama amekaa hapa begani."

Alivua hedifoni na kuzishika magotini kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa na maji.

"Akiimba hivyo," Kavinya alisema baadaye, "kundi linakaribia kutoka. Siku moja, mbili. Na mimi nimepita hapo nje nimeona watoto wanacheza. Hawa hawawezi kungoja Jumatatu. Tutawahamisha leo."

Saa kumi na moja jioni majirani wote walikuwa wamefunga madirisha na kuita watoto ndani. Mzee Gordon alikataa kwenda mbali. Aliketi kwa Teresiah, upande wa pili, kiganja kikiwa ukutani. Kavinya alikuwa amerudi na pikapu, sanduku la mzinga na mavazi mawili ya kujikinga, na vazi la pili alimpa Celine ili amshikie tochi.

Kwanza moshi, kidogo, mtulivu. Kisha patasi na nyundo. Lipu ilianguka vipande vipande, na matofali yakaanza kutoka, moja, la pili, la tatu. Joto lilitoka kwenye shimo na kugusa kitambaa cha uso wa Celine, joto la mwili, lenye harufu ya nta na maua na kitu kama mkate. Tofali la saba lilipotoka, mvumo ulijaa chumba kizima, bila ukuta, bila maikrofoni. Celine aliusikia mifupani. Ndiyo noti yake mwenyewe, Seth hakukosea. Alipovuta pumzi na kusema "Jamani," neno lake lilizama ndani ya ule mvumo na kupokelewa.

Aliinua tochi.

Masega yalining'inia kutoka gizani juu hadi usawa wa magoti yake, saba, yamepangwa kama mapazia, na kati ya moja na jingine nafasi sawasawa ya kupita nyuki wawili mgongo kwa mgongo. Ya nyuma yalikuwa meusi kama kahawa kwa uzee. Ya mbele yalikuwa meupe, mapya, yakipitisha mwanga wa tochi hadi yakawaka. Juu yake yote nyuki walitandaa, maelfu kwa maelfu, na moshi ulipowagusa wimbi lilipita juu ya migongo yao kutoka upande hadi upande. Celine alijikuta amepiga magoti. Hakukumbuka kupiga magoti.

"Usiogope," Kavinya alisema.

"Siogopi," Celine alijibu, na ilikuwa kweli. Hakuwa na jina la kile alichokuwa nacho.

Kavinya alifanya kazi akizungumza nao kwa Kikamba, chini kwa chini, kama anayewaosha watoto. Alikata sega, akalifunga kwa kamba kwenye fremu, akaliweka sandukuni, kisha la pili. Nyuki aliwachota kwa viganja kama maji. Mmoja alipenya glavu ya Celine na kumchoma kifundo cha mkono, naye Celine hakutikisa tochi. Kwenye sega la tano Kavinya alisimama. Akamwonyesha kwa kidole: mmoja mrefu, mwembamba, anayekimbia, na wengine wote wakimpisha njia.

Alipomwingiza malkia sandukuni, nyuki wachache walikuja wakasimama mlangoni pa sanduku, wakainua mikia juu na kupeperusha mbawa. Dakika moja hivi hakuna kilichotokea. Halafu wale waliobaki ukutani, wale wa sakafuni, wale wa kwenye mablanketi ya dirishani na wa kwenye mikono ya Celine, waligeuka wote upande mmoja na kuanza kutembea. Hawakuruka. Walitembea, kama mto unaojua bonde lake, wakaingia mlangoni bila kusukumana, mpaka zulia la nyuki lililokuwa sakafuni likakunjika lenyewe na kuisha.

Ukutani palibaki shimo na kimya.

Kutoka upande wa pili walisikia mzee akiita, kwa sauti ya mtu asiyejua ukubwa wa sauti yake: "Wameondoka? Celine! Wameondoka?" Celine alienda akamwitikia kwa kichwa, na baba yake, aliyekuwa bado ameshika ukuta, akaitikia kwa chake.

Sanduku liliondoka kwa pikapu kuelekea Mwingi kabla ya saa mbili usiku. Asali iliyobaki ilijaza mabeseni mawili, na nyumba za safu ile zote zilileta bakuli. Jumamosi mzee aliziba shimo kwa matofali yaleyale na saruji. Teresiah alikuja na chai, akakaa kumtazama akifanya kazi.

Jumatatu asubuhi Celine alifunga mlango, akabonyeza kitufe, akanyamaza sekunde kumi kama alivyofundishwa. Halafu akasoma ukurasa wa kwanza, mara ya kumi na tatu. Akautuma.

"Madam," Seth alisema baada ya muda, "nimeongeza sauti hadi mwisho. Pale mwanzo hakuna kitu. Halafu unaanza, na ni kama umetokea hewani. Endelea. Usisimame."

Alisoma asubuhi na jioni, kurasa ishirini na zaidi kwa siku, akinywa maji ya moto, na alimaliza siku moja kabla ya wiki tatu kwisha. Seth alikigawa kitabu kwa shule nne.

Mwezi ulipita ndipo Celine akapokea ujumbe wa sauti kutoka nambari asiyoijua. Alikuwa msichana, Marion, mtahiniwa wa shule moja ya wasioona, aliyetumia simu ya mwalimu wake. Alisema amekisikiliza kitabu mara mbili, na sehemu ya ngeli mara tano. Alikuwa na swali kuhusu zoezi la sura ya tisa. Nyuma yake bweni zima lilikuwa na ghasia: ndoo zinagongana, mtu anaimba, kengele, wasichana wawili wanabishana kuhusu sabuni.

Celine alimjibu swali lake. Kisha akavaa hedifoni, akarudia ujumbe ule tangu mwanzo, na kusikiliza kila kitu kilichokuwa ndani yake.